Mgomba wa Tatu Kutoka Bombani

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu si honi ya treni, ingawa tuliishi na treni kama mtu anavyoishi na jirani. Ni sauti ya vikombe. Mama alikuwa na vikombe sita vyeupe vyenye maua ya bluu, alivyopewa siku alipoagwa kwao kwenda kuolewa, akavipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, na hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea chai isipokuwa mchungaji. Kila asubuhi, saa moja na nusu, mtambo wa kushindilia udongo ulipowashwa nyuma ya ghorofa letu, vikombe vile vilianza kutetemeka. Kwanza polepole, kama meno ya mtoto aliyeogeshwa maji ya baridi mwezi wa sita, na anayeijua Mbeya anajua nasema baridi gani. Kisha vyote kwa pamoja, ngri-ngri-ngri, mpaka vioo vya kabati navyo vikaitikia, na dirisha, na kifuniko cha sufuria jikoni. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nikiamka kwa sauti ile, nakimbilia kibaraza cha nyuma bila hata kunawa uso, kuangalia reli mpya imefika wapi.

Ghorofa letu lilikuwa Iyunga, la orofa tatu, familia kumi na mbili, ngazi moja. Mbele kulikuwa na barabara kuu na malori yake ya kwenda Tunduma. Nyuma kulikuwa na reli ya zamani. Sisi tulikaa orofa ya juu kabisa, kwa hiyo mradi wa Wachina ulipoanza, wa kuitengeneza ile reli ya zamani na kuiongezea njia nyingine mbili pembeni, mimi nilikuwa kama mtu aliyekata tiketi ya kukaa mbele. Niliona katapila likiparua ardhi, matipa yakimwaga kifusi, greda likisawazisha kama mama anavyosawazisha ugali kwenye sahani. Vumbi jekundu lilipanda mpaka kwetu. Liliingia kwenye unga, kwenye mswaki, kwenye masikio. Mama Shufaa wa orofa ya chini, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani kuja kufanya biashara Mbeya, na ambaye alikaanga vitumbua mlangoni pake kila asubuhi, alikuwa akipiga kelele, "Jamani, leo vitumbua vina iliki ya kichina! Nunueni, iliki ya reli hiyo!" Watu walicheka na kununua. Mimi nilipenda kila kitu. Nilijiambia kwamba reli ikiisha nitakuwa yule dada anayetangaza kwenye spika, mabibi na mabwana, tunakaribia kituo cha Iyunga. Nilitangaza kwenye ngazi nikishuka kwenda dukani, natangaza nikipanda, mpaka wazee wakaniita Kituo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Mashine ziko Ubaruku na Madibira, si Iyunga, kwa hiyo baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alikaa huko wiki mbili, tatu, akarudi na nusu gunia la mchele na pumba kwenye nyusi, akalala siku nzima, akarekebisha kila kilichoharibika ndani, akaondoka. Hakuwa mtu wa maneno. Mapenzi yake yalikuwa mikononi, kwenye bisibisi na jembe.

Kati ya ghorofa na reli kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho wapangaji waligawana toka zamani. Kila familia na matuta yake: maharage, mahindi, figiri, na upande wetu migomba saba iliyoanzia pale kwenye bomba la maji ikaenda moja kwa moja kuelekea relini. Mgomba wa tatu kutoka bombani ulikuwa tofauti na mingine, lakini tofauti yake haikuonekana kwa macho. Chini yake alilala mdogo wangu.

Nilikuwa na miaka saba mama alipomzaa. Aliishi siku mbili. Baba alikuwa Madibira, mashine imekatika mkanda katikati ya msimu, na simu yake ilikuwa haipatikani. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kumhudumia mzazi, na yeye ndiye aliyeamua. Sijui kama watu wote wa kule wanafanya hivyo. Najua bibi yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Kwao, mtoto aliyekufa hajaota jino hakaliwi matanga. Huzikwa na wanawake waliokwisha kuzaa, chini ya mgomba, ardhi ikasawazishwa pasiwe na tuta. Mahali pale haambiwi mwanamume, hata aliyemzaa. Wala hapatajwi kwa sauti mbele za watu, maana ukipataja, tumbo la mama yake linafunga, na mtoto mwingine haji. Walikuwa watatu, bibi, mama, na mwanamke mmoja wa kanisani ambaye baadaye alihamia Makambako. Saa nne asubuhi, ghorofa likiwa tupu, watu wakiwa kazini na shuleni. Mimi nilikuwa na surua kidogo, sikwenda shule, nikapewa jagi la maji ya kunawia mikono kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulishika. Walipomaliza bibi alinawa, akanishika kidevu kwa mkono uliolowa. Akaniambia, "Tuse, macho yameona. Mdomo haujaona. Umenisikia mama?" Nikasema nimesikia. Jina langu ni Tusekile, maana yake tumefurahi, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nililionea aibu.

Baba aliporudi aliambiwa mtoto amezikwa. Akauliza, "Vizuri?" Bibi akajibu, "Vizuri." Basi. Ndivyo ilivyokuwa inaulizwa, na ndivyo ilivyokuwa inajibiwa. Mwaka mmoja kabla ya mradi kuanza, bibi naye akafariki, akazikwa kwao na watu wengi na tarumbeta za kanisa. Neno lake likabaki kwetu, na mtu wa kulilegeza hayupo tena.

Watu wa mradi walikuja Jumatano moja jioni. Mwenyekiti wa mtaa aliwakusanya wapangaji chini ya ngazi, na dada mmoja mwenye helmeti nyeupe na sauti ya upole akasimama na kishikwambi chake kuandika kila kitakachoguswa. Mazao ya nani, miti ya nani, banda la kuku la nani. Ilikuwa kama sherehe. Mama Shufaa alimsukuma mbele mzee mmoja mstaafu wa orofa ya pili, "Mwandike na huyu, mwanangu, ni mali ya kale hii, mkimgusa mtulipe!" Mzee akamjibu, "Wewe kaandikishe ulimi wako, ndio utakaozuia treni." Watu wakavunjika mbavu. Hata yule dada alicheka mpaka helmeti ikamteleza. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na makaburi? Kuna kaburi lolote eneo hili, hata la zamani, hata dogo? Tukilijua tunalihamisha kwa heshima, na wenyewe mkiwepo. Msione aibu." Pakawa kimya. Mama Shufaa, ambaye hakuvumilia kimya hata msibani, akasema, "Semeni basi jamani, mficha uchi hazai!" Watu wakacheka tena.

Mama yangu hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza tangu yule mtoto. Alisimama kwenye ngazi ya tatu, mkono mmoja chini ya kanga ameshikilia tumbo, na alinitazama. Sijawahi tena kutazamwa vile. Macho yake hayakunikataza wala hayakuniruhusu. Mimi, Kituo, niliyekuwa natangaza mpaka bei ya nyanya, niliangalia vidole vya miguu yangu. Dada akasubiri kidogo, akabonyeza kishikwambi chake, akasema, "Haya, makaburi hakuna," akaendelea na figiri.

Baada ya hapo furaha yangu ya reli iliharibika kama maziwa. Nilikwenda kibarazani asubuhi kama kawaida, lakini sasa sikuangalia reli imefika wapi. Niliangalia imebakiza nini. Walipiga vigingi vyenye utepe mwekundu. Kigingi kimoja kilisimama katikati ya matuta ya jirani, kingine karibu na bomba. Migomba yetu yote saba ilibaki upande wa relini. Siku moja tukiosha vyombo nilimwambia mama, "Tumwambie yule dada. Anaonekana mzuri. Tumnong'oneze tu." Mama alisugua sufuria lile lile ambalo lilikuwa limetakata zamani. "Unong'onaji unaandikwa, Tuse. Ukiandikwa unasomwa." Nikasema, "Lakini atafukiwa." Akasema, "Ameshafukiwa." Kisha akaweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kama mtoto, "Bibi yako angekuwepo ningemuuliza. Nitamuuliza nani mimi?" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne.

Baba alirudi Ijumaa. Mama Shufaa ndiye aliyemwambia habari za vigingi, na Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alitafuta jembe. Nimesema mapenzi yake yalikuwa mikononi. Aliona migomba ya mke wake inakwenda kufukiwa na kifusi, akaamua kuing'oa machipukizi yake, na mashina yenyewe kama itawezekana, akayapande kwa rafiki yake Iwambi, ili mtoto atakayezaliwa asikose ndizi za kwao. Hakumwambia mama. Alitaka mama akiamka akute kazi imeisha, ajisikie vizuri. Mimi nilikuwa kibarazani. Nilimwona akianza na mgomba wa kwanza pale bombani, jembe likipanda na kushuka, udongo mweusi ukiruka. Alichimba kwa kina, kama fundi, hakutaka kukata mizizi. Akaung'oa, akauweka pembeni kwa upole kama anayelaza mtu. Akahamia wa pili, nao ukatoka. Nikageuka kumwita mama, nikamkuta yuko nyuma yangu tayari, ameshika nguzo ya kibaraza. Alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Orofa tatu, upande wa nyuma, madirisha yote wazi Jumamosi asubuhi, watu wanakunywa chai: angepiga kelele gani ambayo isingekuwa kupataja?

Nilikimbia. Sikuvaa ndala. Ngazi zile nilizokuwa nazitangazia vituo nilizishuka mbilimbili, nikampita Mama Shufaa na karai lake la mafuta akapiga ukelele, "We mtoto, utaniunguza mimi!" Nilipofika nyuma, baba alikuwa ameshatema mate kwenye viganja na kulinyanyua jembe juu ya mgomba wa tatu. Nilikwenda nikakaa chini. Nilikaa pale pale kwenye shina, miguu nimenyoosha, kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

"Toka hapo, mwanangu, nitakukata," baba akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Tuse. Una nini? Umetumwa na mama yako?"

Nikatikisa kichwa tena. Machozi yalikuwa yananitoka lakini sikutoa sauti, nilibana mdomo kwa meno maana niliogopa ukifunguka utasema wenyewe. Baba akanitazama. Akatazama juu, kibarazani, akamwona mkewe amesimama na mikono yote miwili tumboni. Akanitazama tena, mimi, na mgomba, na jinsi nilivyokaa. Akashusha jembe. Hakulitupa, alilishusha taratibu mpaka likagusa majani. Akavua kofia yake ya kazini, ile yenye pumba. Akachuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja chake kwenye udongo kando ya goti langu, akakiacha hapo muda mrefu. "Hapa?" akauliza, kwa sauti ndogo sana. Sikuitikia, na yeye hakuuliza tena. Alipoinuka alinibeba mgongoni kama mtoto mchanga, miaka kumi yote, akanipandisha orofa tatu. Jembe lililala nje siku mbili, hakuna aliyeligusa.

Kuta za ghorofa letu zilikuwa nyembamba. Jumatatu asubuhi nilimsikia baba akivaa shati la kanisani. Alisema anakwenda ofisi ya mradi, anamjua mtu mmoja pale, wataandika kwa siri. Mama alisimama mlangoni. Sikumwona, lakini najua alisimama mlangoni kwa sababu komeo halikufunguka. Akasema, "Baba Tuse, watakuja na mwenyekiti. Watakuja na mtu wa afya. Wataniita jina mbele ya ghorofa zima, simama hapa mama, onyesha. Huyu ananipiga mateke. Yule amelala. Nichagulie wewe basi, kama unaweza." Nje, mtambo ukawashwa. Vikombe vikaanza. Baba alisema, "Sikuwahi hata kumbeba." Mama akajibu, "Najua." Nikasikia kiti kikivutwa, na uzito wa mtu akikaa. Hakwenda. Ndiyo siku niliyojua kwamba watu wazima nao wanaweza kushindwa swali.

Kifusi kilimwagwa Alhamisi. Baba alikuwa amesharudi Ubaruku. Sidhani kama mashine ilimwita, nadhani alijiita mwenyewe. Mama alifua nguo za mtoto atakayekuja, zile ndogondogo za manjano, akazianika kibaraza cha nyuma wakati kila mwenye akili alikuwa ameanua. Matipa yakaja moja baada ya jingine. Nguo zikageuka nyekundu. Akaziteremsha, akazifua, akazianika tena. Zikageuka. Akafua mara ya tatu. Mama Shufaa, aliyenisimulia haya baadaye, alipanda na kikombe cha uji, akihema, akamkuta ameinamia kamba. "Mama Tuse, ingia ndani, vumbi hili litakuua na kiumbe chako. Unaangalia nini huko?" Mama akasema, "Naangalia treni." Mama Shufaa akacheka, "Treni gani shoga yangu, na reli bado!" Kisha akamwona uso, akaacha kucheka. Hakuuliza. Alimwekea uji dirishani, akavua kanga yake ya juu, akamfunga mama kichwani mpaka puani kuzuia vumbi, akasimama naye pale bila neno, yeye ambaye hakuvumilia kimya. Mpaka leo sijui alielewa nini. Nilipotoka shule jioni migomba haikuwapo. Palikuwa na tuta la udongo mwekundu, refu kunizidi, na ule mtambo wa kushindilia ukienda na kurudi juu yake.

Mvua zilipoanza, mama akajifungua salama, mtoto wa kiume. Akaitwa Lusajo, yaani baraka. Alilia kwa nguvu mpaka ghorofa zima likajua, na mama akawa analia naye kila akimnyonyesha, na watu wakasema ni furaha. Hakukaa tena kibaraza cha nyuma. Aliweka pazia zito, akahamishia kamba ya nguo upande wa barabarani, kwenye moshi wa malori. Treni za majaribio zilipoanza kupita, watoto wote tulikimbia kuzipungia, na mimi nilipunga pia, nisidanganye, nilipunga kwa mikono yote miwili. Usiniulize nilikuwa nampungia nani.

Sasa nina miaka ishirini na mitatu. Sikufika mbali na shule, kidato cha nne na matokeo yake, lakini nashona, nina cherehani yangu Mwanjelwa, na bado naota mchana, bado nikipanda basi natangaza vituo moyoni. Baba na mama walihamia Ubaruku, karibu na mashine, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Lusajo ana miaka kumi na miwili, mrefu, mbishi, anaijua mizigo ya kila behewa na anataka kuwa dereva wa treni. Mama anamsikiliza akieleza, anasema "ehe, ehe", halafu anatoka nje kwenda kupepeta mchele usiohitaji kupepetwa. Ghorofa lipo, limepakwa rangi. Wapangaji wapya wanalalamika kelele za mabehewa na kusifia namna mji unavyokua, na wote wana haki. Reli ni nzuri, sina ugomvi nayo, inabeba mbolea na shaba na watu. Zamani niliamini bibi alikosea, kisha nikaamini mama alikosea, kisha mimi. Siku hizi, nikipima tumbo la mteja mjamzito kwa futi yangu, naona jinsi anavyovuta pumzi nikimgusa, na sioni kosa la mtu. Naona tu mama yangu kwenye ngazi ya tatu, na swali lililoulizwa kwa upole wote, mbele ya watu wasiostahili kusikia jibu.

Mwezi uliopita nilipeleka gauni kwa mteja Iyunga. Nilipomaliza sikupanda gari. Nilizunguka nyuma ya ghorofa peke yangu, mchana, jua la kipupwe, na baridi yake. Bomba la maji lilishaondolewa. Nilihesabu hatua kwa kukisia, nikafika kwenye uzio wa waya, na nyuma ya uzio tuta lenyewe, limeota nyasi. Niliweka mkoba chini. Nikachota udongo kwenye kiganja, nikapitisha mkono kwenye tundu la waya, nikautupia, kama tunavyofanya kwa kila anayezikwa. Nikachota wa pili, nikautupia kwa niaba ya baba. Nikachota wa tatu, nikaushika. Mama hakuwa amenituma. Treni ya mizigo ilikuja, nikasubiri mabehewa yote yapite. Kisha nikautupia.